Michongoma ya Mpakani

Jumanne, 9 Julai

Nimemwagilia tangu alfajiri. Midimu, miwaridi, mashoki ya mapambo, michongoma ya uzio. Kipupwe hiki kinakausha udongo kwenye viriba, vile vifuko vya miche, kabla sijafika mwisho wa mstari. Wateja wa Mbweni wanapita na magari yao wanauliza bei, wanasema watarudi. Hawarudi.

Maji ni yale yale ya kisima cha msikiti. Bure, kama siku zote. Da Mwanaidi ndiye anayeshika ufunguo wa bomba. Kanifungulia, kanisimulia habari za mkwe wake mpya asiyejua kupika wali, tumecheka mpaka ndoo ikafurika. Bila yeye bustani hii ingekuwa vumbi na vifuko vyeusi tu.

Mchana kikao cha kamati ya ujenzi kanisani. Ajenda ni ile ile: kipande cha ardhi kati yetu na msikiti. Sisi tunataka tujenge darasa la watoto wa Jumapili. Wao wanataka waongeze sehemu ya wanawake, maana kina mama wao wanaswali nje chini ya turubai. Tumepelekana baraza la ardhi. Bikoni ya kona, ile alama ya wapima ardhi, ilipotea siku nyingi, na kila upande una pake unapoonyesha ilipokuwa. Wapima wamekuja, wao wakamkataa wetu, sisi tukamkataa wao.

Wakili wetu amesema baraza litakuja kuona eneo wiki ijayo. Mwenyekiti wa baraza hupenda kuona alama za mpaka. Mti wa zamani. Uzio wa miaka mingi. Kitu cha namna hiyo.

Hatuna mti. Hatuna uzio. Halafu Mzee Kapinga, mkuu wa kamati, akageuza kiti chake taratibu akanitazama. Na wengine wote wakageuka.

"Mama Upendo, wewe si una michongoma mikubwa pale bustanini?"

Nilijisikia mtu muhimu. Naandika hivyo hivyo.

Jumatano, 10 Julai

Nimemweleza Baba Upendo. Alikuwa anakula, akaacha kijiko hewani. Akauliza kama hiyo siyo kudanganya. Nikamjibu kwamba ni kupamba eneo. Akaendelea kula. Mume wangu akinyamaza hivyo ananiudhi kuliko akigomba.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeikagua michongoma. Ile mikubwa inanifika kifuani. Nimeilea tangu ikiwa mbegu, imenichoma mikono mpaka nimezoea. Kuna mama wa Mbweni anaitaka kwa ajili ya ukuta wake, anamsubiri fundi amalize kupaka rangi. Kwa hiyo siwezi kuitoa sadaka.

Nimepata akili. Nitaipanda na viriba vyake. Kiriba kinaingia shimoni, udongo juu, majani makavu juu ya udongo, nani atajua? Na mche usipotolewa kwenye kiriba haunyauki. Mkubwa hivi ukiuhamisha unalegeza majani siku hiyo hiyo, baraza lingekuta uzio unaozimia. Wakishaondoka, naichomoa yangu na kumpelekea mama wa Mbweni. Kanisa linapata mpaka, mimi napata mteja. Nilifurahi sana kwa akili hiyo. Nilijipikia chai ya tangawizi.

Jumamosi, 13 Julai

Tumepanda leo alasiri. Wazee wa msikiti walikuwa na harusi Tegeta na Da Mwanaidi aliniambia anakwenda. Siku nzuri, basi.

Maji yalitakiwa mengi, udongo pale ni mgumu kama sakafu. Asubuhi nilikwenda bombani na ndoo zote za nyumbani na ndoo za jirani. Da Mwanaidi hakuniuliza kitu. Nilianza mwenyewe: nina oda kubwa ya mteja wa Mbweni, fensi nzima. Akasema hongera, riziki hiyo. Akanijazia zote. Nyingine akaninyanyulia mwenyewe mpaka kichwani, na mgongo wake ule unaomsumbua.

Mimi nilichimba, Mzee Kapinga alisimamia. Alivaa suti. Kazi yake ilikuwa kufumba jicho moja na kusema kushoto kidogo, kulia kidogo. Shimo la mwisho, la kwenye kona mstari ulipokunja kurudi ukutani kwa kanisa, jembe liligonga kitu kigumu. Zege. Nikadhani ni mabaki ya msingi walipojenga kanisa, mafundi wetu walikuwa wanamwaga zege popote. Sikuwa na nguvu ya kuhamisha shimo. Nikaukalisha mche juu yake na kuulundikia udongo pembeni. Umezidi wenzake urefu. Mzee Kapinga akasema huo ndio mkuu wa mstari.

Tulipomaliza ulionekana uzio kweli. Nusura niamini mwenyewe.

Jumapili, 14 Julai

Wakati wa matangazo Mzee Kapinga alimshukuru Mungu kwa "akina mama wenye vipaji mbalimbali". Hakutaja jina lakini aliangalia safu yangu. Nilitazama viatu. Kisha nikajikuta natabasamu.

Jioni nilikwenda bombani. Da Mwanaidi alikuwepo. Nilimuuliza harusi ilikuwaje. Alisema ilikuwa nzuri, walikula biriani. Hakusema zaidi ya hapo. Nadhani alichoka.

Jumatano, 17 Julai

Natamani ningeumwa leo. Malaria, kuhara, chochote.

Baraza lilikuja asubuhi. Mwenyekiti ni mama mmoja mtulivu, raba nyeupe miguuni, mwavuli mkononi. Wazee wa baraza wawili. Karani kijana mwenye shati la mikono mirefu na faili. Mpima ardhi naye, safari hii aliyeletwa na baraza lenyewe. Sisi tulisimama upande wa kanisa, wao upande wa msikiti, wanaume mbele, kina mama nyuma. Da Mwanaidi alikuwa kando ya bomba.

Wakili wetu akaanza. Mheshimiwa mwenyekiti, tafadhali angalia uzio huu wa asili, ambao waumini wameutunza kwa miaka mingi. Mwenyekiti akauangalia. Akazunguka. Akauliza umeoteshwa na nani. Mzee Kapinga akasema wazee waliotutangulia. Mimi nilikuwa nyuma yake naombea mvua.

Mwenyekiti akamwambia karani apite upande wa pili apime hatua. Karani akajipenyeza kati ya mchongoma wa kona na ule wa pili yake. Miba ikashika mkono wa shati. Akavuta. Ikang'ang'ania. Akavuta kwa hasira.

Mchongoma mzima ukatoka ardhini ukamfuata.

Ukamfuata na kiriba chake. Cheusi, kizima, hakijachanika hata kidogo. Yule kijana akarudi kinyumenyume mche unaning'inia mkononi mwake, anauliza "Nini hiki? Nini hiki?" Upande wa msikiti wakaangua kicheko. Upande wetu pia wakacheka, hao ndio walioniuma. Mzee mmoja wa baraza akaenda akashika mche wa pili. Akauinua kwa vidole viwili tu. Kiriba. Wa tatu. Kiriba. Hapo akaacha, nadhani kwa huruma.

Bado. Mpima akawa anachungulia lile shimo la kona. Akachutama, akafuta udongo kwa kiganja. Zege la mviringo, chuma katikati. Akafungua ramani yake. Akasoma namba. Akasoma tena.

Bikoni.

Bikoni iliyotafutwa na kila mtu. Nilikuwa nimeikalia na mchongoma. Na ilikuwa huku kwetu kabisa, karibu na ukuta wa kanisa. Maana yake kipande chote ni cha msikiti.

Mwenyekiti akauliza michongoma ni ya nani. Mzee Kapinga akakohoa, akasema kanisa halina taarifa, ni juhudi binafsi za mama mmoja muumini. Akanionyesha kwa kalamu.

Watu wote waligeuka kunitazama. Wengine walikuwa bado wanajifuta machozi ya kicheko. Da Mwanaidi peke yake hakucheka. Aliokota ndoo yake akaingia ndani ya uzio wa msikiti.

Aibu. Nimelala kitandani tangu mchana na kanga usoni.

Alhamisi, 18 Julai

Nimenunua maji ya mkokoteni. Yana chumvi. Miwaridi haipendi chumvi, na mimi najua kuliko mtu yeyote kwamba haipendi. Nimeimwagilia hivyo hivyo. Siwezi kwenda bombani.

Baba Upendo kasema kanisa limekaa na wakili msomi mwaka mzima, na mke wake kamaliza kesi kwa jembe moja. Nikamwambia akome. Akacheka mpaka akatoka nje.

Jumapili, 21 Julai

Nimekwenda kanisani kwa sababu nisipokwenda watasema. Nimekwenda na wamesema. Benchi letu tulikuwa wanne, leo nilikaa peke yangu kama mgeni rasmi. Kwaya walinisalimia kwa jina jipya. Mama Bikoni. Mzee Kapinga alisoma tangazo kuhusu uaminifu wa waumini. Nilitaka nisimame niulize ni nani aliyekuwa anafumba jicho moja na kusema kushoto kidogo. Sikusimama. Mimi ni mwoga, na yeye anajua.

Ijumaa, 26 Julai

Jambo jipya, baya kuliko la kwanza.

Mzee mmoja wa msikiti alipita bustanini leo baada ya swala. Nikajiandaa kutukanwa. Nikatoa shikamoo kabla hajafika. Akaitikia, akavua kofia, akanishukuru. Akasema wameshaelewa. Kwamba mimi nilijua bikoni ilipo tangu zamani, nikaogopa wenzangu, nikaona njia pekee ni kuweka mche juu yake uzidi wenzake ili baraza liuone. Na viriba niliviacha makusudi ili uzio usikubaliwe.

"Umefanya jambo kubwa, mwanangu. Mtu mwingine asingethubutu."

Nikasema "Tunamshukuru Mungu, baba." Kweli nilisema hivyo. Nimempa na mche wa mdimu.

Nikiwa mwongo nimedharauliwa, sasa nasifiwa na ndiyo kwanza nimekuwa mwongo kamili. Kanisani ni msaliti, msikitini ni shujaa. Hakuna hata mmoja wao anayenijua.

Jumanne, 30 Julai

Maji ya chumvi yameua mstari mzima wa miwaridi. Nimekwenda bombani, sina ujanja. Da Mwanaidi alinifungulia. Alisema "Chota." Nilisimama pale nikasubiri habari za mkwe. Hazikuja. Wanawake wengine walinishika mikono, mama jasiri, mama mkweli. Yeye alikuwa anaangalia maji.

Anajua. Sijui anajua kiasi gani, lakini anajua.

Jumatatu, 12 Agosti

Hukumu imesomwa. Nilikwenda, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Mwenyekiti alisoma kwa Kiswahili chepesi, pole pole, kila mtu akaelewa, kwa bahati mbaya. Kipande ni cha msikiti. Kila upande ubebe gharama zake. Halafu akafika kwenye michongoma. Akasema uzio uliooneshwa na mwombaji, ndio sisi, ulikuwa bado umo ndani ya vifuko vyake vya kuoteshea, hivyo baraza linasita kuamini kwamba ulirithiwa kutoka kwa wazee. Ukumbi ukacheka. Akasubiri wamalize. Akasema hata hivyo baraza linatambua kuwa bikoni imepatikana kutokana na uchimbaji wa upande wa mwombaji wenyewe. Ukumbi ukacheka tena. Kijana wa shati la mikono mirefu alikuwa anaandika na kichwa chake kinatikisika.

Hayo yote yameandikwa na kupigwa mhuri. Wajukuu zangu wakitaka watakwenda kuyasoma.

Nje Mzee Kapinga alitangaza kwamba tutakata rufaa. Wakili akamwambia, "Mzee wangu, zege halikatiwi rufaa." Wakaachana hapo.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeletewa mwaliko. Ijumaa baada ya swala kuna dua na chakula pale kwenye kipande, kabla hawajaanza kujenga. Wanataka niwepo. Wanataka kunitunza mbele ya watu.

Baba Upendo ameniuliza nitawaambia ukweli lini. Kasema huwezi kula pilau ya watu kwa jambo ambalo hukulifanya. Nimemwambia nitawaambia hiyo hiyo Ijumaa.

Ijumaa, 16 Agosti

Sikuwaambia.

Nilifika nimejitanda vizuri na maneno yangu nimeyapanga. Walinikalisha kwenye jamvi la kina mama, mbele. Imamu akazungumza kuhusu ujirani. Akanitaja. Kina mama wakapiga vigelegele. Nikasema moyoni sasa nasimama. Nikasimama. Wakadhani nasimama kupokea, vigelegele vikazidi. Akaja mtu na kanga mpya kunitanda mabegani.

Alikuwa Da Mwanaidi. Ndiye waliyemchagua, kwa kuwa ni rafiki yangu.

Alinitanda taratibu, upande mmoja, upande wa pili, akanyoosha mikunjo ya mgongoni. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu. Hakutabasamu na hakununa. Nilinong'ona "Da Mwana..." Akasema "Kaa, watu wanataka kula."

Nikakaa. Nimekula. Pilau ilikuwa tamu na nilijichukia kwa kuona utamu wake.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekwenda kwake asubuhi kabla ya bomba. Alikuwa uani anachoma vitumbua. Nilipiga hodi, nikaambiwa karibu, nikakataa kigoda nikabaki nimesimama. Nikamwambia yote bila kupumua. Kwamba nilipanda ili tuwadanganye. Kwamba viriba nilivibakiza ili nikauze michongoma baadaye. Kwamba bikoni nilidhani ni mabaki ya zege. Kwamba kanga siistahili, nimeirudisha, hii hapa.

Aligeuza vitumbua vyake vyote kwanza.

"Nilikuona," alisema. "Harusini sikwenda, mgongo uliniuma. Nilikuona kutoka dirishani kwangu, unachimba na yule mzee wako wa suti."

Nikamuuliza mbona hakuwaambia wenzake. Wangepeleka habari barazani, tungeumbuka mapema.

"Nilisema ngoja. Atakuja mwenyewe kuniambia. Kesho yake ukaja, ukaniuliza habari za harusi."

Nilianza kuomba radhi kwa ajili ya kiwanja. Akanikatiza.

"Kiwanja si changu mie, Mama Upendo. Kiwanja cha msikiti, wanaume wamekipigania huko na wamekipata. Maji ndiyo nilikupa mie. Wala sikukuuliza ya nini. Ungeninyamazia tu, ningekupa vile vile. Wewe ukanitungia na mteja."

Nilimnyooshea kanga tena.

Kanga hakuipokea. Alisema niliyoyafanya yanatosha, nisiende tena kuwaaibisha kina mama walioichagua. Nikaondoka nayo. Vitumbua hakunifungia, na siku zote hunifungia. Nililia njiani kama mtoto, mbele ya fundi baiskeli.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemwambia na imamu. Nilidhani huyo ndiye mgumu. Alisikiliza mpaka mwisho ameshika ndevu, kisha akacheka mpaka akaanza kukohoa, ikabidi aletewe maji. Alisema wazee karibu wote walijua, isipokuwa yule mzee aliyenitembelea, na kwamba ile hadithi nzuri waliiacha itembee kwa sababu vijana wao walikuwa wameanza kuja kutuimbia nyimbo za kejeli nje ya kanisa. Walipoambiwa mama wa kanisani ndiye aliyewasaidia, wakaacha.

Akasema amenisamehe, wamenisamehe, yameisha. Haraka hivyo. Nilirudi nyumbani mwepesi mpaka nilipopita kwenye bomba.

Jumapili, 25 Agosti

Nilimwambia Mzee Kapinga baada ya ibada kwamba nimekwenda msikitini kusema ukweli, na kwamba nimetaja na suti yake. Rangi ilimtoka. Sikutaja jina lake, suti tu. Lakini mwenye suti ile mtaa mzima ni yeye.

Benchi letu leo tulikuwa wawili.

Ijumaa, 30 Agosti

Wameezeka. Mabati tu kwanza, kuta bado, lakini kivuli kipo. Nimewaona kina mama wakiingia kwa swala ya mchana na mikeka yao. Turubai limekunjwa. Nilikuwa napalilia, nikaacha nikasimama mpaka wakamaliza kupanga viatu.

Michongoma nimeiuza kwa mama wa Mbweni. Nimeipanda mwenyewe ukutani kwake, nimeichana viriba mmoja mmoja. Imelegea majani. Nimemwambia italegea wiki nzima halafu itashika, asiogope.

Da Mwanaidi ananifungulia bomba kila siku. Hajarudi kukaa bustanini jioni, na za mkwe wake nazisikia kwa watu wengine. Ila ameanza kitu ambacho hakuwahi kukifanya miaka yote. Kabla hajafungua, anashika koki, ananitazama, ananiuliza maji ya nini. Siku ya kwanza niliumia. Nikaona ananisimanga. Sasa nimezoea, namjibu kila kitu kilivyo.

Leo ameniuliza. Nikamwambia ndoo mbili za midimu, moja ya mashoki, moja ya kufua mashuka, na hii ndogo sijui bado, nimeibeba tu.

Akaitazama ile ndogo. Akafungua.